Mgeni Asiyepewa Jembe

Hotuba kwa mkutano wa wastaafu, Morogoro

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama na kina baba, shikamooni. Na ninyi vijana mliowasindikiza wazazi wenu, hamjambo.

Katibu aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, njoo utueleze habari za viza, maana humu ndani wengi tuna watoto ng'ambo na tumechoka kuwaona kwenye kioo cha simu." Nimeitika wito kwa sababu jambo hili liliniumiza kabla sijalielewa, na hadi leo pale dukani kwangu, kwenye meza ile ya kompyuta ninapowajazia watu fomu za viza, namwona mama au baba akiumizwa na jambo lilelile. Nitazungumza zaidi juu ya Uingereza. Ndiko aliko binti yangu, na ndiko zinakokwenda fomu nyingi ninazojaza. Wenye watoto Ujerumani, Uswidi na kwingineko msiondoke, zamu yenu ipo.

Tumelelewa na methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu mgeni akizoea, anakuwa mwenyeji kwa kushika kazi. Viza ya matembezi ya Uingereza imekaa kinyume na methali yetu. Unaweza kupewa hadi miezi sita, na hata siku ya mwisho ya miezi hiyo bado hutakiwi kushika jembe. Hufanyi kazi ya mshahara wala kibarua, na hufungui biashara. Ni mgeni tangu unaposhuka kwenye ndege hadi unapopanda tena. Kwa hiyo afisa anayesoma ombi lako anatafuta jibu la swali moja, hata kama kwenye fomu halikuandikwa kwa maneno haya: wewe mgeni, jembe lako umeliacha wapi?

Mwaka 2012 binti yangu, ambaye ni nesi mjini Leeds, alikuwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza. Mimi nilikuwa na miaka miwili tangu nistaafu ualimu. Kina mama mliomo humu mnajua maana ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga, kumshikia mtoto ili apate usingizi. Nilitaka kwenda. Kijana mmoja wa mjini aliyejinadi kuwa anazijua njia zote akaniambia maneno ambayo bado nayasikia mitaani: "Salio likinona, mama, na viza inanona." Mdogo wangu akanikopesha shilingi milioni tisa. Zikaingia benki Jumatatu. Ijumaa tukachapisha taarifa ya benki. Wiki iliyofuata nikamrudishia mwenyewe fedha zake.

Jibu lilikuja karatasi mbili, limeandikwa kwa adabu kabisa. Pensheni yako kwa mwezi ni kiasi hiki. Kwa miezi mitano akaunti yako imekuwa na kiasi hiki. Kisha siku fulani zimeingia milioni tisa ambazo hukueleza zimetoka wapi. Sijaridhika kwamba fedha hizi ni zako, wala kwamba utaondoka ziara yako ikiisha. Mjukuu wangu alizaliwa mimi nikiwa Kihonda, hapahapa Morogoro, nimeshika simu, namwelekeza mama yake namna ya kujifunga tumbo kwa khanga. Simu ilikatika mara tatu.

Wazee wangu, yule afisa hakunionea. Hanijui. Hakuja Kihonda kuona kwamba mimi ni mtu wa kwenda na kurudi. Alichokuwa nacho ni karatasi, na karatasi zangu zilisema mambo mawili yasiyopatana. Na siku hizi kwa viza ya matembezi ya Uingereza hakuna rufaa ya kawaida. Ukinyimwa unaomba upya, unalipa upya, na lile swali la kama umewahi kunyimwa viza unalijibu ndiyo, kila mara, maisha yako yote.

Mwaka uliofuata niliomba tena. Safari hii sikukopa hata shilingi. Niliiacha akaunti yangu ionekane ilivyo: pensheni inaingia, nanunua mbolea, nalipa umeme, inabaki kidogo. Nina ekari nne za mpunga Dakawa, na nilikuwa nimetunza risiti za ghala kila nilipouza. Nikazipanga kwa tarehe, kila risiti mkabala na siku fedha zilipoingia benki. Binti yangu akachukua gharama za safari na kuthibitisha kwa hati zake za mshahara, taarifa zake za benki, na mkataba wa nyumba unaoonyesha kuna chumba cha kunilaza. Halafu nikaandika barua. Ilikuwa fupi. Nilisema ninavuna Juni na Julai, nitaondoka mwanzoni mwa Agosti, nitarudi wiki ya mwisho ya Novemba, kwa sababu Desemba naandaa majaruba na hakuna mwingine wa kuniandalia. Viza ilitoka.

Mwenzangu, jembe lako huenda si la mpini. Mzee mmoja wa hapa mjini ni mweka hazina wa msikiti wao, alipeleka barua ya kamati. Mama mwingine anamuuguza mumewe aliyepooza, na dada yake alikubali kumshikia kwa wiki nane tu. Akaandika hivyo hivyo, wiki nane, na barua ya hospitali ikaambatana. Kinachokurudisha nyumbani unacho tayari. Kazi ni kukitoa moyoni na kukiweka kwenye karatasi, maana wengi wetu tunaona ni jambo la kawaida mno kulisema.

Sasa nije kwenye fedha. Sheria za Uingereza hazikutaja kiwango maalumu cha salio kwa mgeni wa matembezi. Hazikusema milioni kumi wala ishirini. Zinataka gharama za ziara ziwe na wa kuzibeba bila wewe kulazimika kufanya kazi kule. Fomu inakuuliza unapata kiasi gani kwa mwezi na unatumia kiasi gani. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Baba mmoja alikuja akiwa ameandika kwa mkono wake: mapato laki sita, matumizi laki moja na nusu. Nikamwomba tuitazame taarifa yake ya benki pamoja. Kila mwezi, kufika tarehe 20, akaunti ilikuwa imebaki elfu chache. Nikamuuliza, "Baba, hizi laki nne na nusu zinazobaki zinakaa wapi?" Akanyamaza, kisha akasema alidhani ukiandika matumizi makubwa unaonekana maskini. Tukaandika ukweli, na mwanawe akaandika barua ya kugharamia. Afisa hakatazwi kumpa viza mtu wa kipato cha chini. Anachoshindwa kupita ni hesabu isiyojumlika.

Ada yenyewe hupanda. Kwa viza ya miezi sita, Aprili 2025 ilitoka pauni 115 ikawa 127. Itazame bei ya siku unayoomba, kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza yenyewe. Zipo pia viza za miaka miwili, mitano na kumi, za bei kubwa zaidi. Watu wanazisikia na macho yanang'aa: miaka kumi! Nawaomba mnisikilize hapa. Viza ya miaka kumi haikupi kukaa miaka kumi. Inakupa kwenda mara nyingi ndani ya miaka hiyo, na kila uendapo mwisho ni miezi sita. Tena huwezi kukaa sita, ukarudi nyumbani wiki mbili, ukaenda tena sita. Sheria imesema wazi kwamba mgeni hawezi kuhamishia maisha yake kule kwa ziara za kufuatana. Na ukiomba ya muda mrefu, afisa akaona akupe ya miezi sita, tofauti ya ada hairudi. Kwa safari ya kwanza mimi huwashauri wazazi waombe ya miezi sita, waende, warudi kwa wakati. Baada ya hapo wana historia ya kuonyesha.

Nikae kidogo kwenye hili la tarehe, maana ndilo linalowagharimu hata waliokwisha kupata viza. Viza haikusubiri. Ukiandika kwamba utasafiri tarehe 1 Juni, ukapewa viza inayoishia mwanzoni mwa Desemba, kisha ukachelewa kwa sababu ya msiba ukaondoka Agosti, hupewi miezi sita mipya kuanzia Agosti. Utaondoka kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye viza, basi. Kuna mama ambaye hakuitazama ile tarehe, akahesabu miezi sita kwa vidole tangu siku aliyoshuka uwanjani, na mwanawe naye hakuangalia. Alipitiliza karibu miezi miwili bila kujua. Alirudi salama, lakini alipoomba mara ya pili akanyimwa, na alilia pale dukani kama mtu aliyefiwa. Kwa hiyo siku ukifika andika tarehe ya mwisho kwenye karatasi, ubandike jikoni kwa mwanao, kwenye friji, mahali inapoonekana kila asubuhi.

Maombi ya matembezi hufunguliwa miezi mitatu kabla ya safari, si zaidi. Jibu kwa kawaida ni wiki tatu tangu utoe alama za vidole. Fomu inajazwa kwenye mtandao, unalipa kwa kadi, unachagua siku ya kwenda Dar es Salaam kupigwa picha na kuchukuliwa vidole. Kina mama, harusi isiwadanganye: msipake hina kwenye ncha za vidole wiki hiyo. Na wakulima wenzangu ambao vidole vimelika kwa kazi, jipakeni mafuta ya mgando siku kadhaa kabla, ngozi ilainike.

Majina. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pote. Pasipoti inasema Mwanaidi, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Mwanahidi, benki wameandika M. J. Hamisi, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichotoka RITA, wasajili wa vizazi na vifo, kimemwandika mama kwa jina la baba yake mzazi, wakati pasipoti ina jina la mume. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Anayesoma mbali hajui. Nendeni kwa wakili mkaape hati ya kiapo kwamba majina haya yote ni yako, na kwenye barua mweleze kwa sentensi moja kwa nini yanatofautiana. Msingoje wiki ya safari. Cheti cha mtoto ndicho kinachothibitisha kwamba anayekualika ni mwanao, na bila uthibitisho huo barua ya mwaliko inabaki ya mtu na mtu tu.

Na Kiswahili chetu. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni ya Kiswahili. Hati ya kimila ya shamba ni ya Kiswahili. Risiti ya ghala, muhtasari wa kamati ya msikiti, cheti cha ndoa cha miaka ya sabini, vivyo hivyo. Nyaraka isiyo ya Kiingereza wala ya Kiwelishi lazima iambatane na tafsiri kamili, na mfasiri athibitishe kwamba tafsiri ni sahihi, aandike tarehe, jina lake kamili, saini, na namna ya kumpata. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hiyo ya kutafsiri. Nimeona watu wenye hati nzuri kabisa, jembe limechongwa na kunolewa, wakazipeleka bila tafsiri. Hati hiyo ni kama hukuipeleka.

Lugha inatutega hata mdomoni. Mama mmoja alifika uwanja wa ndege wa Heathrow, London, viza anayo, kila kitu kimenyooka. Afisa wa mpakani akamuuliza amekuja kufanya nini. Kiingereza chake ni cha kuungaunga, akatafsiri alichokuwa nacho kichwani: nimekuja kumsaidia mwanangu kazi. Wewe na mimi tunaelewa, kuosha vyombo, kumshika mtoto, kukunja nguo. Yule afisa alisikia neno moja, kazi. Wakamweka pembeni saa mbili nzima hadi mkalimani alipopatikana kwa simu, akaeleza kwamba ni bibi amekuja kumwona mjukuu. Aliruhusiwa. Lakini saa mbili kwa mtu mwenye presha, peke yake, mahali asipomjua mtu, ni nyingi. Kama Kiingereza hukiwezi, sema mapema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Hilo halina aibu.

Na tusichezee hili la mjukuu. Bibi anaruhusiwa kwenda kuwaona wanawe na kumshika mjukuu wakati wa ziara fupi, hayo ni mambo ya familia. Kisichoruhusiwa ni kuwa yaya. Kama mpango wenu na mwanao ni kwamba arudi kazini kwa kuwa wewe ndiye utakayelea mtoto mwaka mzima, awamu kwa awamu, basi hii viza si yako, na sitakusaidia kuijaza kana kwamba ni yako. Nimewahi kumwambia hivyo mtu ninayemheshimu sana. Alikasirika, na bado ninaona nilimtendea haki.

Afya nitaisema kwa ufupi ila msiichukulie kwa wepesi. Hospitali za umma za kule si bure kwa mgeni anayelazwa. Huduma ya dharura pale mapokezi hutolewa bila malipo, lakini ukilazwa mgeni kama sisi hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida, na deni la pauni 500 na kuendelea linaweza kukufanya unyimwe viza siku nyingine. Bima ya safari si sharti kwa Uingereza. Kateni hata hivyo, na mtangaze presha na sukari mlizo nazo, kwani bima iliyokatwa kwa kuficha ugonjwa hailipi. Dawa beba za siku zote utakazokaa, pamoja na karatasi ya daktari.

Sasa wenye watoto Ulaya bara. Nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kufunguliana mipaka, ni 29 na viza yao ya matembezi ni moja. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Huko bima ni sharti, isiyopungua euro 30,000. Unaomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa zaidi, si kabla ya miezi sita, wala si chini ya siku 15 kabla ya safari. Muda wao ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na hesabu hiyo inawachanganya hata wasomi. Chukueni mfano huu. Umeingia tarehe 1 Machi. Siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa, kwa hiyo siku yako ya 90 ni tarehe 29 Mei. Ukizimaliza zote, huwezi kuingia tena mpaka tarehe 28 Agosti, hata kama viza yako ni ya mwaka mzima na bado ina nafasi. Tangu Oktoba 2025 walianza kuandikisha kuingia na kutoka kwa mfumo wa kielektroniki, unaochukua nafasi ya mihuri. Habari za muhuri usiosomeka hazitamsaidia mtu tena.

Anayetaka kupita siku 90 huko anaomba viza ya nchi yenyewe. Ufaransa, kwa mfano, wanayo ya mgeni asiyefanya kazi, inayofika hadi mwaka mmoja. Unaahidi kwa maandishi kwamba hutafanya kazi, unaonyesha kipato cha kutosha kujikimu, na ile inayohesabiwa pia kuwa kibali cha kuishi unaithibitisha kwenye mtandao ndani ya miezi mitatu tangu ufike. Mnaona? Hata wao wanaokupa mwaka mzima, jembe hawakupi.

Jambo la mwisho linanitia uchungu kulisema. Wapo wanaouza taarifa za benki za kubuni, barua za kazi za kampuni isiyokuwepo, hata hati za viwanja vya watu wengine. Mzazi anapewa bahasha, anaambiwa usifungue, peleka tu. Chini ya ile fomu kuna tamko kwamba yote yaliyomo ni kweli, na tamko hilo ni la mwombaji. Aliyekujazia hayumo. Ikigundulika umetumia nyaraka ya uongo, Uingereza wanaweza kukufungia milango miaka kumi. Miaka kumi kwa kijana ni adhabu. Kwa mtu wa miaka 68 mwenye mjukuu wa miaka miwili, wazee wangu, fanyeni hesabu wenyewe. Kwa hiyo hata nikijaza mimi, dada yenu mnayenijua, nawasomea fomu nzima kwa Kiswahili kabla hamjalipa, swali kwa swali. Yeyote anayekataa kukusomea, inuka na karatasi zako uondoke.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa chai imefika. Nimekuja na kompyuta yangu, nitakaa meza ile ya dirishani hadi saa kumi. Aliyekuja na pasipoti na kitambulisho aanze yeye, tulinganishe majina kwanza, hiyo haina malipo. Mama wa gauni la kijani uliyeniambia mlangoni kwamba mwanao anajifungua mwezi wa tisa, wewe njoo mbele ya wote, muda wako umeanza kuhesabika.